Rezo ipi inashika vizuri mtaani kwako? Namna ya kupima 4G bila kumaliza forfe

Katika kabine nyingi za kutuma na kutoa feza mjini Goma, simu tatu zinalala juu ya meza moja: moja ya Vodacom, moja ya Airtel, moja ya Orange. Mteja anaulizwa kwanza yuko kwenye rezo gani. Kisha mwenye kabine anainua simu, anaangalia vijiti vya juu ya kioo, na kama havimpendezi anatoka nje na kunyoosha mkono kuelekea barabara. Mstari unasubiri.

Kazi hiyo ndogo ya kutafuta rezo imekuwa nzito zaidi tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipouteka mji wa Goma, kisha Bukavu katikati ya Februari. Banki zilifunga milango, na simu ikawa ndiyo mfuko wa familia. Mshahara wa mwalimu, feza ya masomo, msaada wa ndugu aliye Kinshasa, Kampala au Ubelgiji, vyote vinapita humo. Mwanafunzi anafuata masomo yake kwa WhatsApp. Mchuuzi wa samaki wa Ziwa Tanganyika anauliza bei Uvira kabla ya kupakia. Swali la rezo ipi inashika vizuri katika mtaa fulani limekuwa swali la feza, na hata hivyo wakaaji wengi bado wanalijibu kwa kusikia: jirani amesema, shemeji amesema, tangazo kubwa la barabarani limesema.

Kuna njia ya kupima. Haihitaji mashine ya fundi wala dola nyingi. Inahitaji simu ya kawaida ya Android, kadi SIM mbili au tatu, saa na daftari. Na inahitaji kujua namba zipi zina maana na zipi zinadanganya.

Vijiti ndivyo vinavyodanganya wa kwanza. Hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima kinachosema kijiti kimoja ni nguvu kiasi gani. Kila kiwanda cha simu kinachora vijiti vyake kinavyotaka. Mwaka wa 2010 kampuni ya Apple ililazimika kukiri kwamba hesabu ya vijiti kwenye iPhone ilikuwa na kosa, na kwamba simu zake zilionyesha vijiti vingi kuliko nguvu iliyokuwepo. Kwa hiyo simu mbili zikiwekwa pamoja Birere, zote kwenye rezo moja, moja inaweza kuonyesha vijiti vinne na nyingine viwili, na zote zikawa zinapokea kitu kilekile.

Namba ya kweli ya nguvu ya rezo inaitwa desibeli-miliwati, inayoandikwa dBm. Kwenye simu nyingi za Android zenye lugha ya Kifaransa, inapatikana ndani ya « Paramètres », kisha « À propos du téléphone », kisha sehemu inayoeleza hali ya kadi SIM. Hakuna cha kulipa na hakuna mega inayokatwa. Namba hiyo ina alama ya kutoa mbele yake, na inayokaribia sifuri ndiyo nzuri. Kwa 4G, -80 ni rezo yenye nguvu, -95 bado inafanya kazi vizuri, -110 ni dhaifu, na ikifika -120 simu inaanza kuachia na kurudi kwenye 3G au 2G. Tofauti ya 10 inaonekana ndogo kwa macho, lakini ni mara kumi ya nguvu: simu iliyo kwenye -110 inapokea sehemu moja tu ya kumi ya kile kinachopokelewa na simu iliyo kwenye -100. Onyo moja: namba ya 4G na namba ya 3G hazipimwi kwa namna moja. Kulinganisha -85 ya 3G ya rezo moja na -100 ya 4G ya rezo nyingine ni kulinganisha kilo na lita.

Namba hiyo peke yake inaweza kumsaidia mtu kabla hata hajanunua kadi nyingine. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao na mabati, na bati linazuia mawimbi. Katika nyumba hiyohiyo, chumba cha nyuma kinaweza kuonyesha -112 na dirisha la upande wa barabara -98. Hiyo ni tofauti ya 14, yaani nguvu mara ishirini na tano, kwa hatua nne za mguu. Mwenye modemu ndogo ya Wi-Fi anayeificha kabatini ili isiibiwe anaweza kuwa analipia forfe ambayo kabati linaimeza.

Lakini nguvu si kasi, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Mtu anaona 4G imejaa, namba ni nzuri, na picha moja inakataa kufunguka. Barabara ya kutoka Kibumba inaweza kuwa nzuri kabisa. Kama malori, motari na tshukudu zimejaa, hakuna anayefika haraka. Antene moja inagawa uwezo wake kwa watu wote walioishika kwa saa ileile. Mtaa uliopokea familia nyingi zilizokimbia vita unaweza kuwa na antene zilezile za zamani na watu mara mbili. Rezo itaonekana kali na itatembea kama kobe, hasa jioni kati ya saa moja na saa nne, watu wakiwa wamerudi nyumbani.

Kasi inapimwa kwa programu kama Speedtest ya kampuni ya Ookla, nPerf ya Wafaransa wa Lyon, Opensignal, au ukurasa wa fast.com wa Netflix usiohitaji kuweka programu yoyote. Zote ni za bure. Hata hivyo bure hiyo ina bei, kwa sababu programu hizo zinapima kwa kupakua data nyingi iwezekanavyo kwa sekunde chache. Hesabu yake ni rahisi. Rezo inayotoa megabiti 20 kwa sekunde, ikipimwa kwa sekunde 10, imeshusha megabiti 200. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo hizo ni megabaiti 25. Ongeza kupandisha, tuseme megabiti 8 kwa sekunde 10, hizo ni megabaiti 10 nyingine. Jaribio moja limekula mega 35. Mwenye kupima rezo tatu asubuhi, mchana na jioni amemaliza mega 315 kwa siku moja, kabla hajamsalimia mtu yeyote. Na cha kuchekesha ni kwamba rezo ikiwa nzuri zaidi, jaribio linakula zaidi.

Tofauti hiyo ya biti na baiti inafaa kukaa kichwani kwa sababu nyingine pia: kampuni zinatangaza kasi kwa megabiti na zinauza forfe kwa megabaiti. Anayesikia megabiti 16 na kudhani atapakua faili ya mega 16 kwa sekunde moja atasubiri sekunde nane, kama kila kitu kinaenda vizuri.

Kwa mfuko mdogo kuna njia ya saa. Rafiki mmoja anatuma katika kundi la WhatsApp picha tatu za ukubwa unaokaribiana, tuseme mega 2 kila moja, akizituma kama dokiman ili zisipunguzwe. Mpokeaji anazima kwanza upakuaji wa moja kwa moja. Kisha anafungua dokiman ya kwanza kwenye rezo ya kwanza akiangalia saa, anabadilisha kadi, anafungua ya pili, kisha ya tatu. Mega 2 ni megabiti 16. Zikishuka kwa sekunde 8, kasi ni megabiti 2 kwa sekunde. Picha ziwe tofauti, kwa maana faili iliyokwisha kushuka inaweza kufunguka bila kupita tena hewani na kutoa namba ya uongo. Majaribio tisa ya namna hiyo yanakula mega 18 badala ya 315.

Njia hiyo ina upungufu wake. Faili ndogo haiipi rezo yenye kasi kubwa muda wa kuonyesha uwezo wake wote, kwa sababu muunganisho unaanza polepole kabla ya kuongeza mwendo. Pia inapima njia ya WhatsApp tu. Mwenye forfe ya mitandao ya kijamii hajui bado kama kurasa nyingine zitafunguka kwa mwendo uleule. Lakini kwa wakaaji wa Kivu ambao siku yao kwenye intaneti ni ujumbe, picha na sauti, kipimo hicho kiko karibu na maisha yao kuliko namba kubwa ya Speedtest. YouTube yenyewe inasema video ya 480p inahitaji takriban megabiti 1.1 kwa sekunde, na ya 360p inahitaji 0.7. Rezo inayotoa megabiti 3 mchana na usiku inafaa zaidi kuliko inayotoa 30 saa kumi za usiku na 0.3 saa mbili za jioni.

Uthabiti huo ndio kipimo kinachosahaulika zaidi, na ndicho cha bei nafuu kuliko vyote. Kuna programu ndogo za bure zinazotuma pingi, yaani ujumbe mfupi unaokwenda kwenye mashine ya mbali na kurudi. Pingi mia moja zinatumia chini ya kilobaiti 20. Zinaonyesha mambo mawili: muda wa kwenda na kurudi kwa milisekunde, na ngapi zimepotea njiani. Sauti ya mtu inayokatika katikati ya sentensi mara nyingi si tatizo la kasi. Ni pingi kumi zilizopotea kati ya mia, au muda unaoruka kutoka milisekunde 80 hadi 900 na kurudi.

Mwenye kabine ana sababu ya kujua jambo jingine. Kutuma feza kwa kupiga namba zenye nyota na alama ya reli hakupiti kwenye intaneti ya simu kabisa. Kunafanya kazi hata kwenye 2G. Hapo kasi ya 4G haina neno la kusema. Kinachohesabika ni nguvu ya rezo na kama mfumo wa kampuni unajibu kabla muda haujaisha. Kama ujumbe wa kushindwa unatokea mbele ya kila mteja na rezo inaonyesha -85, si antene ya mtaa iliyoharibika, na kupanda juu ya paa hakutasaidia. Kwa anayetumia programu ya kampuni kwenye simu ya kisasa, ni kinyume: huyo anahitaji intaneti.

Kulinganisha kwa haki kuna masharti yake. Simu iwe ileile kwa rezo zote, kwa sababu simu ya bei ndogo inaweza kukosa masafa ya 4G ambayo rezo mojawapo inayatumia. Itaonyesha 3G kwa kampuni hiyo na lawama itamwangukia asiye na kosa. Mahali pawe palepale, hadi meza ileile. Saa zifuatane kwa dakika chache. Programu nyingine zizimwe, hasa zile zinazojisasisha zenyewe. Na siku moja haitoshi. Wiki moja, mara tatu kwa siku, inaanza kuonyesha sura, kwa mfano kwamba rezo fulani inakufa kila siku saa kumi na moja alfajiri. Antene nyingi za mashariki haziko kwenye umeme wa kudumu, zinategemea jenereta. Daftari linaloonyesha kufa kwa saa zilezile kila siku linaelekea kwenye mazuti au betri, si kwenye wingi wa watu.

Mpaka nao unachanganya vipimo. Goma na Gisenyi ni mji mmoja uliogawanywa na barrière; Bukavu inatazamana na Rusizi; Uvira iko jirani na Burundi, na Bunagana na Uganda. Simu iliyoachwa ichague yenyewe inaweza kushika antene ya ng'ambo, na wengi wamekwisha kuona jina la kampuni ya Rwanda kwenye kioo wakiwa wamekaa nyumbani kwao. Namba inayopimwa hapo si ya rezo ya Kongo, na unite zinaweza kukatwa kwa bei ya safari ya nje. Kabla ya kupima karibu na mpaka, simu ichaguliwe rezo kwa mkono na itumiaji wa data nje ya nchi uzimwe.

Kisha kuna makosa ambayo si ya mtaa wala ya mji. Kongo ilipata waya wake wa kwanza wa baharini, WACS, huko Muanda mwaka wa 2013, lakini Muanda iko upande wa pili wa nchi, na sehemu kubwa ya intaneti ya Kivu inategemea njia za kupitia majirani wa mashariki hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Tarehe 12 Mei 2024, waya za EASSy na Seacom zilikatika baharini na intaneti ikaporomoka Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda. Siku kama hiyo, mwenye kulinganisha kampuni mtaani anapima samaki wa Afrika Kusini. Njia ya kutambua ni kubadilisha mashine inayopimiwa. Speedtest inaruhusu kuchagua: moja ya karibu, kama Kigali au Kampala, na moja ya Ulaya. Ya karibu ikiwa nzuri na ya Ulaya ikiwa mbaya, antene iko salama na tatizo liko mbali. Hata siku njema, kwenda Ulaya na kurudi kunachukua zaidi ya milisekunde 100, kwa sababu mwanga wenyewe unahitaji muda ndani ya waya. Kwa hiyo anayejigamba kwa namba ya mashine ya Kigali na anayelalamika kwa namba ya Paris huenda wako kwenye rezo moja.

Ramani zilizokwisha kuchorwa zipo, na kuziangalia hakugharimu chochote isipokuwa kufungua ukurasa. nPerf na Opensignal zinachora mahali rezo inaposhika kwa kukusanya vipimo vya watumiaji wenyewe. Kwa Goma katikati zinasaidia. Kwa Walikale, Shabunda au Nyunzu zinaonyesha hasa kwamba hakuna aliyepima: rangi inakosekana, na kukosa rangi si lazima kuwe kukosa rezo. Wanaopima ni wenye simu nzuri na mega za kupoteza, na hao wanakaa mijini.

Hapo inakuja tahadhari ambayo miongozo ya Ulaya haiiandiki. Baadhi ya programu hizi, CellMapper kwa mfano, zinachora mahali antene zilipo na kuhifadhi kila njia aliyopita mwenye simu. Katika eneo lenye vizuizi vya barabara na watu wenye silaha wanaokagua simu, ramani ya antene ndani ya simu ya kijana inaweza kusomwa vibaya sana. Kwa Kivu na Ituri, kupima nyumbani, kazini au shuleni kunatosha. Kutembea na simu mkononi kuelekea mnara ukiangalia namba zikipanda si kazi ya mkaaji. Programu ikiomba kujua mahali simu ilipo wakati wote, inaweza kukataliwa. Kipimo cha kasi kitafanyika bila hiyo.

Je, namba hizo zinaweza kumsumbua mtu mwenye mamlaka? Sheria nambari 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 ndiyo inayotawala sekta hii, na ARPTC ya Kinshasa ndiyo yenye kazi ya kuisimamia. Wakaaji wana kumbukumbu chungu na mamlaka hiyo: kodi ya RAM, iliyoanza mwaka wa 2020, ilikuwa ikikatwa kwenye unite za watu kabla ya kusimamishwa mwaka wa 2022 baada ya malalamiko mengi. Katika miji iliyo chini ya M23 leo, mkono wa Kinshasa haufiki kwa urahisi. Lakini kampuni ni zilezile pande zote mbili za mstari wa vita, na kampuni inasoma malalamiko kwa namna mbili. « Rezo yenu ni mbaya » inaishia kwa anayepokea simu. Karatasi yenye tarehe, saa, mtaa, aina ya simu, -112 jioni saba mfululizo na pingi 14 zilizopotea kati ya mia inaweza kupelekwa kwa fundi, kwa sababu fundi anaijua lugha hiyo. Watu kumi wa barabara moja wenye daftari moja wana uzito kuliko kumi wanaopiga kelele kwenye Facebook.

Ushindani nao unabadilika. Mei 2025 ARPTC iliipa Starlink ruhusa ya kufanya kazi nchini, baada ya kuipiga marufuku Machi 2024. Kwa shule, hospitali au shirika, satelaiti hiyo inaweza kuwa jibu. Kwa muuza unite wa Beni au Butembo, chombo na malipo ya kila mwezi bado viko juu ya mfuko, na rezo tatu za simu ndizo zitakazobaki mezani kwake.

Kwake yeye, wiki moja ya daftari inaweza kuleta jibu ambalo hakulitarajia: kwamba rezo moja ni bora kwa kutuma feza na nyingine kwa intaneti. Simu nyingi za SIM mbili zinaruhusu kugawa kazi hizo, kadi moja kwa data, nyingine kwa miito na namba za nyota. Kubadilisha kunafanyika ndani ya « Paramètres », kunachukua chini ya dakika moja, na hakukati hata unite moja.